Grili ya peleti kutoka Marekani: kaka aipakie au aiache?

Swali: "Shikamoo fundi. Tunaishi Nyegezi, Mwanza, nyumba iko kwenye mteremko, nyuma tuna uwanja mdogo. Kaka yangu anarudi nyumbani kutoka Marekani na anapakia kontena mwezi wa pili. Ana grili ya peleti aliyoitumia miaka mitatu, anasema atatuachia sisi. Mume wangu anaona ni mzigo tu, jiko la mkaa linatosha na nyama choma yetu haijawahi kulalamikiwa. Mimi naitamani, lakini sijui kama itafanya kazi hapa, peleti nitazipata wapi, na kama kweli inapika vizuri kuliko mkaa. Nimwambie aipakie?"

Marahaba, mwanangu. Mwambie aipakie kwa masharti mawili. Kwanza akutumie picha ya kibati cha umeme kilichobandikwa nyuma ya grili, na hapa chini nitakueleza cha kusoma humo. Pili apakie na peleti za mwaka mzima. Sharti mojawapo likishindikana, aiuze hukohuko. Na jiko la mkaa msilitoe nyumbani, maana mume wako ana hoja ya kweli nitakayoifikia.

Nianze na jina, kwa sababu ndilo linalowapoteza watu. Kinaitwa grili, lakini kazi yake ni ya oveni ya kuni. Pembeni kuna kisanduku unachomimina peleti. Wafugaji wa kuku na wa samaki wa vizimba huko ziwani wanalijua neno hilo kwenye chakula cha mifugo, na hizi zinafanana nazo: unga wa mbao uliobanwa kwa nguvu na joto hadi ukashikamana wenyewe, unene kama milimita 6. Chini ya kisanduku kuna skrubu ndefu inayozungushwa na mota ndogo, nayo inasogeza peleti kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha chuma. Humo kuna koili inayopata moto mwekundu kwa dakika chache za mwanzo ili kuwasha, na feni inayopuliza hewa. Kidhibiti kinasoma joto la ndani na kuamua skrubu izunguke lini na itulie lini. Juu ya kikombe kuna bati la kutawanya joto, juu yake sinia pana la kukinga mafuta, ndipo unafika wavu wa kuwekea chakula.

Kwa hiyo nyama haikai juu ya makaa. Inaiva kwa hewa ya moto iliyochanganyika na moshi mwembamba. Ubunifu huu ulitoka kwa familia ya Traeger ya mji mdogo wa Mount Angel, Oregon, miaka ya 1980, na hataza yao, yaani haki ya kuutengeneza peke yao, ni ya mwaka 1986. Ilipomaliza muda wake kampuni nyingi ziliingia sokoni, na ubora ukaanza kutofautiana mno. Ndiyo maana sikuulizi grili ya kaka yako ni ya kampuni gani. Nauliza kibati kinasema nini.

Umeme wa nyumbani Marekani ni volti 120, mizunguko 60 kwa sekunde. Wetu ni volti 230, mizunguko 50. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani, koili itapokea nguvu zaidi ya mara tatu na nusu ya ile iliyotengenezewa, na kidhibiti kitaungua siku hiyohiyo. Hilo watu wengi wanalijua, wananunua transfoma ya kushusha umeme na kuamini wamemaliza kazi. Transfoma inashusha volti tu, haigusi mizunguko. Grili nyingi, hasa za zamani na za bei ya chini, zina mota zinazotumia umeme kama unavyotoka ukutani, na kasi yake hufuata mizunguko hiyo. Hapa zitazunguka kwa kama asilimia 83 ya kasi ya kule. Skrubu inaleta peleti chache kwa dakika, feni inapuliza kwa ulegevu. Ukipika kwa joto dogo kidhibiti kitafidia na hutagundua kitu. Ukitaka joto kubwa haitapanda hadi juu, majivu yatabaki mengi kikombeni, na baadhi ya siku itazimika katikati ya mapishi. Niliwahi kuitwa kutazama grili ya namna hii, mwenyewe ameshabadilisha koili mara mbili bure. Koili haikuwa na tatizo lolote.

Kibati kikisoma 120V 60Hz, muulize kaka yako jambo moja zaidi: mota ya skrubu ni ya AC (umeme kama wa ukutani) au ya DC (umeme kama wa betri)? Ataona maandishi juu ya mota yenyewe akifungua kifuniko cha chini. Grili nyingi mpya zinabadilisha umeme ndani kwa ndani na kuendesha mota za DC, na hizo mizunguko haizisumbui. Transfoma nzuri ya wati 500 au zaidi inakutosha. Kibati kikisoma 100–240V 50/60Hz huhitaji hata transfoma, ila hizo ni adimu. Kama mota ni ya AC ya 60Hz, ushauri wangu unabadilika: mwache aiuze, labda uwe tayari kuiendesha kwa inveta inayotoa volti 120 na mizunguko 60, mawimbi safi (pure sine wave). Kwa mtu mwenye sola nyumbani hilo linawezekana kabisa. Koili hula kati ya wati 200 na 300 kwa dakika chache za kuwasha, kisha grili nzima hubaki na kama wati 50. Kwa saa nane hiyo ni takriban wati-saa 400, na betri moja ya sola ya volti 12, Ah 100, ikiwa nzima, inazibeba bila kuchoka.

Hata kama grili yako haihitaji inveta, ningependa uwe nayo. Umeme ukikatika, feni na skrubu vinasimama papo hapo lakini moto kikombeni hauzimiki papo hapo. Peleti zilizo mdomoni mwa skrubu zinaendelea kufuka polepole, na moshi unaweza kurudi nyuma hadi kwenye kisanduku. Ukiona hivyo usimwage maji. Fungua kisanduku utoe peleti kama unafikia kwa usalama, na subiri chuma kipoe. Kosa kubwa zaidi linatokea umeme ukirudi. Mtu anabonyeza kitufe cha kuwasha wakati kikombe kimejaa peleti ambazo hazijaungua, zinashika kwa mpigo mmoja, na mfuniko unaweza kurushwa. Kila umeme ukikatika, kabla ya kuwasha tena, ondoa wavu na sinia, kwangua kikombe hadi kiwe kitupu, kisha washa mfuniko ukiwa wazi. Mfundishe kila atakayeigusa grili hiyo, dada wa kazi na watoto wakubwa wakiwemo. Na siku za kawaida usizime kwa kuchomoa waya: bonyeza kuzima, feni iendelee dakika 10 au 15 kumaliza kilichobaki.

Sasa peleti, ambako wengi wanakwama baada ya miezi mitatu na grili inageuka meza ya kuwekea sufuria.

Kwa joto dogo la kupikia polepole grili ya ukubwa wa familia hula nusu kilo hadi kilo moja kwa saa. Kwa joto kubwa inaweza kufika kilo mbili. Tuseme mnaiwasha kila Jumapili, mara nyingine kwa kuku wa saa mbili, mara nyingine kwa nyama ya siku nzima. Kwa wastani weka kilo 3 na nusu kila wiki. Mwaka mmoja ni kilo 180 hivi, yaani mifuko 20 ya kilo 9 kama inavyouzwa kule. Ndani ya kontena hizo si kitu. Azitaje kwenye orodha ya mizigo na amuulize wakala wa forodha mapema, kwa kuwa ni zao la mbao. Achague mifuko inayosema ni asilimia 100 ya mti uliotajwa. Mifuko mingi yenye jina la mti wa kifahari ndani yake ni mwaloni (oak) au mti mwingine wa kawaida, na ule wa jina umetiwa kidogo tu. Mwaloni mtupu hauna ubaya, ila alipe bei ya mwaloni.

Usije ukajaribiwa kutumia peleti zozote utakazoona zinauzwa kwa ajili ya majiko ya kupikia au kuchemshia maji. Kwenye jiko la sufuria chakula kimefunikwa, moshi haukigusi. Kwenye grili moshi ndio kiungo. Peleti za majiko zinaweza kuwa na msonobari wenye utomvu, magome ya miti, au unga kutoka mbao zilizopakwa dawa au gundi. Hizo zitaacha masizi, uchungu, na vitu usivyotaka watoto wako wale. Kadhalika usitie vipande vya kuni kwenye kisanduku. Skrubu itakwama na pini yake kukatika.

Adui mwingine ni unyevu, na hapa kando ya ziwa huyu anakaa nyumbani kwako. Peleti nzuri ina unyevu chini ya asilimia 10, inang'aa kidogo, na ukiivunja inalia kama kijiti kikavu. Ikinyonya maji inavimba, inafifia, kisha inarudi kuwa unga. Unga huo ukilowa ndani ya bomba la skrubu unaganda kama udongo wa kufinyangia, na kuutoa ni kazi ya nusu siku kwa bisibisi na mikono miwili. Kwa hesabu yako kontena litafika masika. Nunua ndoo za plastiki zenye vifuniko vinavyobana, mimina peleti humo siku ileile mnapopokea mzigo, na uziweke ndani juu ya ubao, zisiguse sakafu. Ukimaliza kupika usiache peleti kwenye kisanduku cha grili wiki nzima. Zitoe.

Kutu ni nafuu kwetu kuliko kwa watu wa Dar au Tanga, maana maji ya Victoria hayana chumvi. Hata hivyo iwe na turubai lake, na paa dogo la bati juu yake likipatikana ni bora zaidi, mradi pande zimeachwa wazi. Isiingie varandani palipozungushiwa madirisha wala jikoni, hata mvua ikinyesha. Moshi wa kuni ni moshi wa kuni, na hewa yake ya sumu haina harufu ya kukuonya.

Umesema nyumba iko mteremkoni, na nani wa Mwanza asiyekaa juu ya jiwe au kando yake? Jambo hili ni zito kuliko linavyosikika. Sinia la mafuta limeinamishwa kidogo kwa makusudi ili mafuta yatiririke hadi kwenye kindoo kilichoning'inia pembeni. Grili ikiegemea upande usiofaa, mafuta yanatuama juu ya joto, na siku utakayopandisha hadi nyuzi 220 yatawaka. Mwambie fundi ujenzi amwage jamvi dogo la zege, mita moja na nusu kwa mbili, alipime kwa pima-maji. Halafu tazama upepo. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na grili ya bati jembamba ikipigwa ubavuni hula peleti nyingi na joto lake huyumba. Ipe mgongo upande wa ziwa au uiweke nyuma ya ukuta, umbali wa mita moja walau.

Tufike kwenye chakula, na kwa mume wako. Yuko sahihi kuhusu nyama choma. Harufu ya nyama choma yetu inatokana na mafuta yanayodondokea makaa mekundu na kurudi juu kama moshi. Grili ya peleti imeweka sinia katikati, mafuta hayaufikii moto. Nyingi zinaishia nyuzi 230 hadi 260, na mishikaki itaiva ndani yake lakini italiwa kwa heshima tu. Mbavu za mbuzi, mishikaki, ndizi za kuchoma: mkaa unashinda, na sitarajii hilo libadilike. Hata moshi wake ni mpole kuliko wa kuni halisi, kwa sababu moto wenye feni unaungua safi. Ukitaka moshi zaidi anza na joto la chini, nyuzi 90 au 100 kwa saa ya kwanza.

Kinachoipa grili hii haki ya kukaa uwanjani kwako ni vitu ambavyo mkaa unavisumbukia kwa sababu lazima mtu asimame navyo. Na cha kwanza kwangu ni nundu.

Ng'ombe wa asili wa Usukumani ni zebu. Anatembea mbali, anakula nyasi, nyama yake haina mafuta yaliyotawanyika ndani kama ya ng'ombe wa Marekani anayenenepeshwa kwa mahindi. Mtu akichukua kidari cha hapa na kufuata maelekezo ya wapishi wa Texas, Marekani, saa 12 baadaye anatoa kitu kikavu, halafu anailaumu grili. Kosa ni la kipande. Mafuta ya zebu yako kwenye nundu, yamepenya katikati ya nyuzi za nyama pamoja na ule ukano mweupe unaolainika polepole. Wabrazili wanafuga zebu kama sisi, na nundu kwao ni nyama ya kuheshimiwa kwenye choma. Hapa mara nyingi inakatwakatwa na kuchanganywa kwenye mzani pamoja na nyama nyingine. Mwombe muuza nyama wako akuwekee nzima, kilo 2 au 3.

Ipake chumvi usiku wa kuamkia, gramu 15 kwa kila kilo, iache kwenye friji bila kuifunika. Asubuhi iweke kwenye nyuzi 110, usiifungue kwa muda wa saa nne. Ikishakuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, ifunge kwa foili pamoja na nusu kikombe cha supu, irudishe kwa muda wa saa nne au tano zaidi. Sasa sikiliza, maana hapa video za wapishi wa Marekani zitakupoteza. Mwanza tuko karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Nyama yenye maji ndani yake haiwezi kuvuka hapo. Ukisubiri ifike 95 au 96 kama wanavyosema wale, utasubiri hadi ikauke. Ikifika 91 anza kuichoma kwa kijiti. Kikiingia kama kwenye parachichi lililoiva, itoe, iache ipumzike saa nzima ndani ya foili. Viazi vitamu viweke pembeni yake saa mbili za mwisho, na maganda yao.

Kuku wa kisasa mzima anapendeza kwenye nyuzi 180, joto la ndani ya paja lifike 74. Akipikwa chini ya 130 ngozi yake inakuwa mpira. Kuku wa kienyeji ni habari nyingine: mfunge kwa foili na maji kidogo saa mbili kwanza, ndipo umfungue apate rangi.

Samaki nao. Sato mzima, amechanjwa pande zote mbili, nyuzi 200, dakika 25 hivi kwa samaki wa nusu kilo. Lakini ukienda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, tafuta minofu minene ya sangara, hasa ya tumbo yenye mafuta. Ilaze kwenye maji ya chumvi, gramu 50 kwa lita, saa moja, ipanguse, ikauke hewani kwenye friji saa mbili, kisha nyuzi 100 hadi ndani ifike 63. Hapo ndipo niliona familia iliyokuwa ikibeza kifaa hiki ikanyamaza. Angalizo moja: huu si ule ukaushaji wa mama zetu wa kubanika samaki hadi akaweza kusafiri hadi Shinyanga bila barafu. Mnofu wako bado una maji mengi ndani. Uweke kwenye friji na uliwe ndani ya siku tatu.

Ikifika, kabla hujapika chochote, ipime. Kipimajoto kwanza: kichovye kwenye maji yenye barafu, kisome 0, kisha kwenye maji yanayotokota, kisome karibu 96. Kikisoma 96 ni kizima, usikirekebishe kiwe 100. Kisha washa grili kwa nyuzi 180 na uiache dakika 40 iunguze mafuta ya zamani, ikipoa kwangua majivu yote. Siku inayofuata panga vipande vya mkate kwenye wavu wote, nyuzi 180 dakika 10, uvigeuze na kutazama chini. Palipoungua ndipo penye joto kali, na grili karibu zote zinapo mahali hapo. Utajua pa kuweka nyama na pa kuweka viazi. Tofauti ikiwa kubwa mno, bati la kutawanya joto limepinda au limetoboka kwa kutu. Hilo fundi wa kuchomelea mabati yeyote wa hapa atakukatia jingine, mradi atumie chuma kitupu, kisiwe cha mabati ya kuezekea yenye zinki.

Kaka yako naye kabla ya kufunga kontena afungue kikombe cha moto achunguze sehemu ya chini. Kama kimelika, anunue kingine kulekule. Anunue pia koili moja ya akiba na kihisi joto kimoja, vinavyolingana na grili hiyohiyo, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyokufa mapema na dukani hapa hutavikuta. Vyote pamoja havifiki kilo mbili. Avifunge kwa kitambaa na kuvitia ndani ya kisanduku cha peleti kikiwa kitupu, avibandike alama, na wewe uviangalie kwanza siku utakayofungua mzigo.